Mwani katika Tangi Jipya la Maji ya Bahari: Namna ya Kuutawala na Kuufundishia

UTANGULIZI

Shule nyingi za pwani zimebahatika kuwa karibu na zana kubwa kuliko zote za kufundishia elimu ya viumbe, nayo ni bahari. Hata hivyo, si kila kipindi kinaweza kufundishwa ufukoni. Maji hupwa na kujaa kwa saa zake yenyewe, wala hayafuati ratiba ya shule. Kwa sababu hiyo baadhi ya walimu huweka darasani tangi la kioo lenye maji ya bahari, mchanga, mawe ya mwamba na viumbe wachache, ili wanafunzi waweze kutazama siku baada ya siku mambo ambayo ufukoni huonekana kwa kitambo tu.

Makala haya hayana nia ya kueleza ujenzi wa tangi la namna hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Tumekusudia kuzungumzia jambo moja tu, ambalo ndilo huwakatisha tamaa walimu wengi, yaani mwani unaoota katika tangi jipya. Aghalabu mambo huenda hivi. Wiki ya kwanza maji ni maangavu na wanafunzi hufurahi. Wiki ya tatu vioo na mchanga huwa vimeshika rangi ya kahawia. Wiki ya sita nyuzi za kijani huwa zimefunika mawe. Wanafunzi husema maji yameoza, na mwalimu, kwa kuona haya, humwaga maji yote, huyasugua mawe na kuanza upya. Baada ya wiki tatu rangi ya kahawia hurudi kama kwanza. Mwisho wake tangi hupelekwa stoo.

Tunapenda mwanachuo afahamu tangu mwanzo kwamba mwani si ugonjwa wa tangi, bali ni dalili. Unaonyesha kwamba ndani ya tangi mna mwanga na chakula kuliko viumbe vilivyomo vinavyoweza kutumia. Anayefuta dalili bila kugusa chanzo hufanya kazi isiyokwisha. Tena, anayemwaga maji humwaga pamoja nayo somo lenyewe.

MWANI HUTOKA WAPI?

Wanafunzi wataliuliza swali hili, nalo ni swali zuri. Hakuna mtu aliyeupanda. Mbegu zake, ambazo ni ndogo mno hata hazionekani kwa macho, zimo ndani ya maji ya bahari, juu ya mawe na katikati ya chembe za mchanga. Tangi jipya ni kama shamba lililofyekwa: ardhi ikiwa tupu, magugu ndiyo hutangulia kuota.

Ili mwani uote, pamoja na maji, unahitaji mambo mawili: mwanga na virutubisho. Mwanga hutoka dirishani au katika taa. Virutubisho, hususan chumvi za nitrojeni na fosforasi, hutokana na kinyesi cha samaki, chakula kilichobaki na viumbe vilivyokufa. Hapa inafaa tueleze jinsi uchafu huo unavyogeuka, kwani ndiyo siri ya tangi zima.

Kitu kinapooza majini hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Bakteria wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina madhara makubwa kwa samaki ikiwa kidogo, lakini ni mbolea safi kwa mwani. Bakteria hawa huishi juu ya mawe na mchanga, nao huongezeka polepole. Kwa kawaida huchukua kati ya wiki nne na sita kabla hawajatosha kazi. Katika muda huo tangi halijatengemaa, na mwani hujipatia nafasi.

Sasa mwanachuo ataona kwa nini kuanza upya hakusaidii. Mwalimu anayeyachemsha mawe au kuyasugua kwa sabuni huua bakteria walewale aliokuwa akiwangoja. Tangi hurudi katika siku yake ya kwanza, na safari yote huanza tena.

HATUA ZA MWANI KATIKA TANGI JIPYA

Mwani hauji wote kwa pamoja. Kwa kawaida hufuatana kwa hatua, ingawa si lazima kila tangi lipitie hatua zote.

(a) Vumbi la kahawia. Huu ni mwani wa chembe mojamoja uitwao diatomu. Hutanda juu ya kioo na mchanga kama vumbi laini, nao hufutika kwa kidole. Kila diatomu hujijengea ganda la silika, ambayo hupatikana katika mchanga mpya na katika maji mengi ya bomba na visima. Silika ikipungua, diatomu nazo hupungua zenyewe. Hatua hii haihitaji dawa. Futa kioo cha mbele ili wanafunzi waone ndani, kisha ngoja.

(b) Nyuzi za kijani. Hizi hufuata vumbi la kahawia, nazo hushika juu ya mawe kama manyoya. Zikiwa fupi ni chakula cha konokono na samaki. Zikirefuka hata kuyafunika mawe, basi chakula kimezidi au mwanga umezidi, au wale wanaozila ni wachache.

(c) Utando mwekundu au wa kijani kilichoiva. Huu huteleza, huwa na vipovu vya hewa, na huweza kubanduliwa kama kipande cha kitambaa. Kwa hakika huu si mwani hasa, bali ni jamii ya bakteria wanaotumia mwanga kama mimea, nao huitwa sianobakteria. Mara nyingi huonekana mahali ambapo maji yametuama na takataka zimejikusanya.

(d) Gamba la waridi. Baada ya miezi kadhaa, mawe huanza kupata madoa magumu ya rangi ya waridi au zambarau. Huu nao ni mwani, lakini ni mwani unaojijengea mwili wa chokaa. Usiukwangue juu ya mawe. Kuja kwake ni ishara kwamba tangi limeanza kutulia, na mahali ulipokwisha kushika, mwani wa nyuzi haupati nafasi kwa urahisi.

NAMNA YA KUUTAWALA MWANI

Tunatumia neno kutawala, wala si kuangamiza, kwa sababu tangi la miamba lisilo na mwani wowote haliwezekani, na lingewezekana lingekuwa tangi lililokufa. Tumbawe lenyewe, ambalo ndilo mjenzi wa mwamba, hubeba ndani ya mwili wake mwani mdogo sana unaolipatia sehemu kubwa ya chakula chake. Kwa hiyo kazi yetu ni kuweka kila mwani mahali pake. Tunapendekeza hatua zifuatazo kwa tangi la kiasi cha lita 100.

1. Anza na maji safi. Maji yatekwe wakati bahari imejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya maji machafu, kwa ndoo au madumu ambayo hayakuwahi kutiwa mafuta wala sabuni. Yachujwe kwa kitambaa safi.

2. Usiharakishe samaki. Weka kwanza mchanga, mawe na pampu ya hewa, na uache tangi kwa wiki kadhaa. Kipande kidogo cha kamba kikiachwa kioze ndani kitawapa bakteria chakula cha kuanzia. Kama shule ina vifaa vya kupimia maji, ngoja hadi amonia na nitriti zisionekane tena. Kisha tia samaki mdogo mmoja au wawili tu.

3. Dhibiti chakula. Hili ndilo jambo kubwa katika darasa lenye wanafunzi wengi. Kila mtoto hupenda kumpa samaki kitu, na vipande vya mkate au mandazi hudondoshwa tangini wakati mwalimu ametoka. Mteue mlishaji mmoja kwa zamu ya wiki, na jina lake liandikwe ubaoni. Chakula kiwe kile kinachomalizwa kwa dakika mbili. Kinachobaki ni mbolea ya mwani.

4. Pima mwanga. Usiliweke tangi mahali panapopigwa na jua kali mchana kutwa. Jua hilo pia hupasha maji moto, na maji yakizidi nyuzijoto 30 viumbe vingi vya mwambani huanza kudhurika. Ikiwa unatumia taa, saa 8 kwa siku zatosha, na nyuzi za kijani zikizidi punguza ziwe 6.

5. Toa mwani kwa mkono. Nyuzi ndefu zing'olewe na kutolewa nje kabisa. Utando mwekundu unyonywe kwa mpira wa maji. Mpira ujazwe maji kwanza, usivutwe kwa mdomo. Kila konzi ya mwani inayotoka imebeba nitrojeni na fosforasi, kwa hiyo kuutoa mwani ni kuyasafisha maji.

6. Badilisha maji kidogokidogo. Kila wiki toa lita 10 na utie lita 10 za maji mapya ya bahari.

7. Jaza maji yaliyokauka kwa maji baridi, si kwa maji ya bahari. Maji yanapokauka chumvi hubaki. Weka alama juu ya kioo, na maji yakishuka chini ya alama jaza kwa maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi.

8. Waweke walaji. Konokono wadogo wanaoonekana wakikwangua mawe ufukoni watafaa, nao wanne au watano watosha kuanzia. Hapa tunatoa onyo kali. Katika Bahari ya Hindi wamo konokono wenye umbo la pia, yaani wapana upande mmoja na waliochongoka upande wa pili, ambao huchoma kwa sumu, na baadhi yao waweza kuua mtu. Wanafunzi wasiokote konokono yeyote wa umbo hilo, hata awe na rangi za kupendeza namna gani.

9. Usichume matumbawe hai. Mawe makavu yaliyotupwa na mawimbi juu ya ufuko yanatosha kwa tangi la shule. Kabla ya kuchukua chochote majini, mwalimu apate ruhusa ya afisa uvuvi na viongozi wa kijiji. Wala isichukuliwe kitu chochote ndani ya hifadhi za bahari, kama ile ya Malindi iliyoanzishwa mwaka 1968 au ile ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995.

Baadhi ya walimu watauliza kuhusu dawa za kuua mwani. Tunashauri zisitumiwe. Nyingi zina shaba, ambayo huua konokono na matumbawe kabla ya kumaliza mwani. Aidha, mwani unaokufa kwa ghafla huoza humohumo tangini na kuwa chakula cha mwani utakaofuata.

Mwanachuo asidhani kwamba mambo haya yanahitaji mitambo ya gharama. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alieleza namna alivyotunza samaki na matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai, mwanga wa jua na mkondo mdogo wa vipovu vya hewa. Mawe yenyewe ndiyo yaliyosafisha maji. Baadaye Walter Adey wa taasisi ya Smithsonian, Marekani, alionyesha njia nyingine. Aliotesha mwani kwenye nyavu nje ya tangi, chini ya taa, kisha akawa anaukwangua na kuutoa. Mwani wa nyavuni ulikula virutubisho, na mwani wa tangini ukakosa. Mtu mmoja alitegemea mawe na mwingine alitegemea mwani, lakini wote wawili walitumia viumbe hai kusafisha maji.

KULITUMIA TANGI KUFUNDISHIA

Mwani usifichwe mbele ya wanafunzi. Mwalimu awaambie mapema kwamba vioo vitakuwa vya kahawia, na awaombe wabashiri ni siku gani. Jambo lililobashiriwa halimtahayarishi mwalimu linapotokea, bali humpa heshima. Tunapendekeza shughuli tatu.

Ya kwanza ni daftari la tangi. Kila siku wanafunzi wawili waandike tarehe, hali ya maji, rangi waliyoiona na kazi iliyofanyika. Madarasa ya chini wanaweza kuchora na kupaka rangi. Mwisho wa muhula darasa zima lisome daftari hilo tangu ukurasa wa kwanza. Watoto wataona wenyewe kwamba badiliko lililoonekana kuwa la ghafla lilikuwa likija polepole.

Ya pili ni jaribio la chupa tatu. Jaza chupa tatu angavu maji ya bahari, na katika kila moja tia ncha ndogo ya mwani wa kijani. Chupa A iwekwe penye mwanga. Chupa B iwekwe penye mwanga na kutiwa chembe chache za mbolea ya shambani yenye nitrojeni na fosforasi. Chupa C itiwe mbolea hiyohiyo, lakini ifunikwe kwa kitambaa cheusi. Baada ya wiki mbili wanafunzi walinganishe. Kwa kawaida B hustawi zaidi, A hukua kidogo, na C hufifia. Mwalimu asiwape jibu. Awaulize: Kwa nini mbolea haikuufaa mwani wa C? Kwa nini mwanga peke yake haukutosha katika A? Wakijibu, watakuwa wamegundua wenyewe kwamba mwani huzuiwa ama kwa mwanga ama kwa chakula, nao wataweza kushauri kuhusu tangi lao.

Ya tatu ni hesabu. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi kiasi cha gramu 35, kwa hiyo lita 100 zina gramu 3,500. Zikikauka lita 4, chumvi yote hubaki ndani ya lita 96, yaani karibu gramu 36.5 kwa lita. Wanafunzi wataelewa kwa nini tunajaza kwa maji ya mvua. Hali kadhalika, tuseme nitrati ni miligramu 40 kwa lita, na maji mapya hayana nitrati. Tukibadilisha sehemu moja ya kumi kila wiki, baada ya wiki ya kwanza itabaki 36, ya pili 32.4, ya tatu karibu 29.2, na ya nne karibu 26.2. Hii ni ikiwa hakuna uchafu mpya unaoingia. Hapo mwalimu aulize: Je, mlishaji akizidisha chakula kila siku, tutafika lini? Darasa litaona kwamba kuziba chanzo ni bora kuliko kuteka maji.

Katika shughuli zote usalama uzingatiwe. Maji ya chumvi na umeme havipatani. Pampu ichomolewe kabla ya mkono kuingia majini, nyaya zining'inie chini ya soketi ili matone yasifuate waya, na kila mtoto anawe mikono baada ya kazi.

KUTOKA TANGINI HADI MWAMBANI

Somo hili halina budi kutoka nje ya kioo. Mapambano baina ya mwani na matumbawe yanayoonekana tangini ndiyo yanayotokea katika bahari. Mfano unaojulikana sana ni wa Jamaica. Huko uvuvi uliopita kiasi ulikuwa umewapunguza samaki walao mwani kwa miaka mingi. Mwaka 1980 kimbunga kikubwa kilivunja matumbawe. Kisha katika miaka ya 1983 na 1984 ugonjwa uliwaua karibu nungunungu wote wa bahari wenye miiba mirefu myeusi, ambao ndio walikuwa wamebaki kuula mwani. Miamba iliyokuwa imefunikwa na matumbawe hai kwa zaidi ya nusu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilibaki na chini ya asilimia 5 mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mahali pake pakashikwa na mwani.

Watoto wa pwani yetu wanawajua walaji wa mwani kwa majina: tasi, pono na kangaja. Wamewaona sokoni na wamewala nyumbani. Lakini wengi hawajafundishwa kazi ya samaki hao wakiwa hai. Mtoto aliyeona konokono wanne wakilisafisha jiwe darasani ataelewa upesi kwa nini wavuvi wa nyavu zenye matundu madogo mno huudhuru mwamba, na kwa nini mfereji wa maji machafu unaomwagwa ufukoni ni sawa na mkate unaodondoshwa tangini. Baadhi yao watakuwa wavuvi, na mwamba watakaourithi utategemea kwa kiasi fulani mambo waliyoyafahamu wakiwa shuleni.

HITIMISHO

Tumeeleza kwamba mwani wa tangi jipya hutokana na mwanga na virutubisho vilivyozidi, kwamba huja kwa hatua, na kwamba hutawaliwa kwa kulisha kidogo, kupima mwanga, kuutoa kwa mkono, kubadilisha maji kwa kiasi, kuweka walaji na kuwapa bakteria muda. Kati ya hayo yote, muda ndio mgumu kuliko mengine, kwa sababu mwalimu anayeanza kazi hutaka matokeo kabla mkaguzi hajafika. Lakini tangi lililoachwa lipite hatua zake hufundisha zaidi kuliko lile lililosafishwa kila Ijumaa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mwalimu mwenzako ameona vumbi la kahawia katika wiki ya tatu na anataka kumwaga maji yote. Utamshauri nini, na kwa sababu zipi?

2. Tayarisha kipindi kimoja cha dakika 40 juu ya jaribio la chupa tatu. Onyesha maswali utakayouliza kabla wanafunzi hawajaona matokeo.

3. Shule yako iko bara, mbali na bahari. Eleza jinsi ambavyo ungefundisha mambo haya kwa kutumia chupa za maji ya bwawa au ya mto.